Farasi mu Katanga: kuinunua ni siku moja, kuichunga ni kila siku

Mu Lubumbashi farasi ziko, lakini si mingi. Kama moja inapita kando ya balabala na mutu juu ya mugongo, watoto wanaifuata, wamama wanaacha kwanza kuuzisha, na hakukosekane mutu wa kuuliza: « Ile nyama inakulaka nini? » Ulizo ni la muzuri. Lakini mu cité za watumikaji wa migodi kuko ulizo lingine, la uchungu zaidi: kama farasi iko na nguvu sawa vile tunasikiaka, juu ya nini haibebe mizigo yetu? Juu ya nini, pa fasi wanachimba na mukono, mufuko ya mawe inatoka mu shimo paka ku mugongo ya mutu, kiisha inapandishwa ku kinga ao ku pikipiki?

Wengine wanajibu mbio: « Siye Waafrika hatujue farasi. » Ni uongo. Ku Sahel, wafalme walikuwa na waaskari wa farasi tangu zamani sana. Ku Lesotho, inchi ya milima katikati ya Afrika ya Kusini, Wasotho wanapanda farasi tangu karne ya 19. Na wengi kati yao walikuwa watu wa mugodi sawa siye: walienda kutumika mu migodi ya zahabu ya Afrika ya Kusini, na farasi iliwangojea ku mugini. Basi haiko shauri ya akili, wala ya ngozi. Ni shauri ya inchi yenyewe: majani yake, mvua yake, na zaidi tududu twake.

Farasi ya mu motere

Kila mutumikaji wa mugodi anajua farasi hata kama hajaigusa. Ku pompi, ku kompresere, ku kamio, nguvu ya motere wanaiandika mu « chevaux », ni kusema mu farasi. Ile desturi ilitoka kwa James Watt, fundi wa Scotland mu karne ya 18. Yeye njo alitengeneza muzuri mashini ya mvuke. Wakati ule, mu migodi ya makaa ya mawe, farasi zilizunguka kutwa muzima juu ya kuvuta maji na mizigo kutoka mu mashimo. Mwenye mugodi, mbele ya kutoa feza yake, aliuliza: mashini yako itachukua fasi ya farasi ngapi? Watt akafanya hesabu ya kumujibu.

Leo cheval-vapeur moja maana yake ni kupandisha kilo 75 metre moja kwenda juu, mu segonde moja. Waza mufuko ya kilo 50 na nusu ya mufuko ingine, inapanda metre moja kila segonde, bila kupumuzika. Mutu mwenye nguvu, kama anatumika siku muzima, anatoa karibu sehemu moja tu ya kumi ya ile nguvu. Njo maana Ulaya waliteremusha farasi mu mugodi.

Waliziteremusha kweli. Ku Ubelgiji, ku Ufaransa, ku Uingereza, farasi ilifungwa na mikanda, ikashushwa mu shimo, na chini kule kulikuwa kibanda chake, majani yake, na mutu wake. Zingine zilikaa miaka mingi bila kuona jua, zinavuta magari ya makaa mu galari. Émile Zola, mu kitabu chake « Germinal » cha 1885, aliziweka farasi mbili, Bataille na Trompette, kati ya watu wa mugodi, na wasomaji wengi hawazisahau hata kama wamesahau majina ya wakubwa. Wachimbaji wa kule walisimuliaka kama farasi ya zamani ilihesabu na masikio mulio ya magari yanapofungwa moja kwa moja. Kama wakiongeza moja juu ya hesabu ya kila siku, ilikataa kutembea. Kama ni kweli ao ni masolo tu, mutu yeyote wa mugodi anaelewa juu ya nini waliipenda ile hadisi. Ku kaskazini ya Ufaransa, farasi za mwisho zilitoka mu migodi mwisho ya miaka ya 1960.

Fasi farasi ilikosa, mutu alibeba

Kwetu, ile kazi ya farasi haikuanza hata siku moja. Nzi wa tsetse njo alifunga njia. Wasafiri na wachuuzi wa karne ya 19 waliingia ndani ya Afrika na ngombe, punda na farasi, na mara mingi walifika na miguu. Mufalme Léopold II wa Ubelgiji alijaribu hata kitu ya ajabu: mu 1879 alituma tembo ine kutoka India, zikashuka ku pwani karibu na Dar es Salaam, ziende mupaka ziwa Tanganyika pamoja na kapiteni mumoja jina lake Carter. Waliwaza tembo itashinda fasi ngombe ilishindwa. Mwisho ya yote, tembo zote ine zilikufa, na Carter mwenyewe aliuawa mu 1880.

Nani alibeba basi? Mutu. Muzigo ya kilo 30 ku kichwa ao ku bega, siku kwa siku, wengi kwa nguvu na fimbo. Inchi yetu iliingia mu biashara ya dunia juu ya shingo ya wapagazi. Treni ya Matadi, yenye kuanza mu 1890 na kuisha mu 1898, ilijengwa sababu ile njia ya mabega haikuweza kuendelea. Na huku Katanga, Union Minière ilizaliwa mu 1906, lakini shaba ya kwanza ilitoka ku tanuru mu 1911 tu, kiisha treni ya kutoka kusini kufika Élisabethville mu 1910. Ile shaba ilingojea treni. Haikukuwa farasi wala punda ya kuanza kazi mbele.

Basi kama leo unaona mutu iko na mufuko ku mugongo, usiseme ni desturi yetu. Ile muzigo iko na asili yake, na sehemu moja ya ile asili iko na mabawa.

Muchana nzi, usiku kadudu

Tsetse inauma muchana. Inapenda kivuli cha miti ya miombo, inafuata kitu yenye kutembea, na inapenda rangi ya bleu na nyeusi. Njo maana mitego yake inashonwa na vitambaa vya ile rangi. Kama iko na vimelea, inaviingiza mu damu. Farasi inapata homa, inakonda hata kama inakula, tumbo inavimba ku chini, miguu ya nyuma inaanza kuyumba. Chanjo ya ile ugonjwa haiko mupaka leo, sababu kale kamelea kanabadilisha nguo yake mara kwa mara, na damu haikatambue tena. Dawa ziko, lakini farasi haizivumilie sawa ngombe. Zingine zinaweza kuiua kama mutu anaipima na macho tu. Karibu na miji mikubwa, fasi miti imekatwa na nyama za pori zimeisha, tsetse imepunguka sana. Njo maana farasi inaweza kuishi Lubumbashi. Lakini ukiipeleka ku shamba ndani ya pori, umeipeleka mu vita.

Jua ikishuka, adui mwingine anaamuka. Ni kadudu kadogo kuliko mbu, kanapita hata mu matundu ya musikitere ya kawaida. Kanazaliwa mu matope na mu mavi yenye maji. Kanaleta ugonjwa wenye Wafaransa wanaita « peste équine ». Ile haikaweke mutu mu mashaka siku mingi: homa, pumuzi inakuwa nguvu, macho inavimba pa juu, povu inatoka ku pua. Farasi ya asubui muzuri inaweza kuwa maiti kesho. Mu aina yake ya kushika mapafu, kati ya farasi mia moja yenye kugonjwa, mara ingine hazipone hata kumi. Mutu haipate ile ugonjwa, lakini farasi ya jirani itaipata.

Punda milia, zile za michirizi zenye zingali mu mbuga ya Upemba, zinabeba ile virusi bila kugonjwa sana. Wao ni watoto wa inchi. Na michirizi yao haiko ya mapambo tu: mu 2019 watafiti walivalisha farasi za Uingereza nguo ya michirizi, na nzi zenye kutua juu yao zilipunguka sana. Farasi ya rangi moja ni mugeni. Inaonekana toka mbali.

Kwa peste équine chanjo iko. Inatengenezwa Onderstepoort, Afrika ya Kusini. Inatolewa mara mbili, na majuma kidogo kati ya ya kwanza na ya pili, kila mwaka, mbele ya mvua kuanza. Lakini chanjo inataka baridi kutoka kule inatengenezwa mupaka ku shingo ya farasi. Kama kurani inakatika na frigo inalala siku mbili na joto, utadunga maji tu na utajidanganya. Kwa hiyo muchungaji wa kweli haulize paka « chanjo ni bei gani? », anauliza pia « ililala wapi? »

Na kama na chanjo, sheria ya saa inabaki. Mbele ya jua kushuka, farasi inaingia mu kibanda chenye musikitere ya matundu madogo sana. Inatoka asubui jua ikiwa imepanda. Mavi inaondolewa, maji haikae chini. Kutoka mwezi wa kumi na moja mupaka wa ine, wakati wa mvua, hapana ruhusa ya kusahau hata magaribi moja.

Kinywa kimoja, bidon mbili

Turudilie ulizo la watoto: inakula nini? Farasi ya kilo 450 inataka karibu kilo 9 za majani makavu kila siku. Inakunywa litre 25 mupaka 50, na zaidi wakati wa joto la mwezi wa kumi: tuseme bidon mbili za manjano, kila siku. Mu cité fasi robinet inatoka mara moja kwa juma, ile hesabu peke yake inatosha kumaliza mazungumuzo.

Majani ya kwetu inadanganya. Wakati wa mvua inapanda mupaka kichwa ya mutu, kila kitu kijani. Lakini ikisha kukomaa inakuwa nguvu sawa kuni, na kutoka mwezi wa sita moto wa pori inaipitia. Mwenye farasi anakata majani mwisho ya mvua, ingali laini, anaianika, anaiweka pa juu na pa kavu. Asiyekata mu mwezi wa tatu na wa ine, atanunua mu mwezi wa nane.

Na mahindi? Inakula, lakini kidogo, na safi. Watu wengi wanawaza mahindi yenye kuoza, yenye haifae tena kwa bukari, inaweza kupewa nyama. Kwa farasi ni sumu. Ukungu wa mahindi unaharibu ubongo wake: inazunguka, inagonga ukuta na kichwa, inaanguka. Tena farasi haiwezi kutapika. Kile kimeingia lazima kipite mupaka mwisho, na kama kimekwama, tumbo inaiua. Kama unaona inajibwaga chini na kujigeuza, inaangalia mbavu zake, haitoe mavi, usingoje kesho: ita munganga wa nyama na uitembeze polepole.

Kwato zinakatwa kila majuma sita ao nane, sawa makucha. Meno hayaache kukomaa, na yakikuwa na ncha inashindwa kutafuna. Jike inabeba mimba miezi 11. Na farasi yenye kuchungwa muzuri inaweza kufika miaka 25 na kupita. Kati ya watu wa migodi, wangapi wako na mukataba wa kazi wa ile urefu?

Faida iko vilevile. Farasi moja inaweza kutoa kilo 15 na zaidi za mavi kwa siku. Ikilundikwa mbali na kibanda, ikafunikwa na kuiva, udongo mwekundu na maskini wa kwetu unaipokea na furaha. Mama wa lengalenga na sombe hakose kuona tofauti.

Udongo wa mugodi haiko malisho

Hapa kuko jambo la watu wa migodi zaidi ya wengine. Farasi inakata majani karibu kabisa na udongo, na inameza vumbi pamoja nayo. Inchi zingine, farasi zilizokula kando ya matanuru ya kuyeyusha madini zilikufa na risasi, ile chuma wanaita « plomb », mbele ngombe za jirani zionyeshe kitu. Koo yake inalegea, pumuzi inapiga kelele sawa msumeno.

Watu wa Lubumbashi wanajua ile upande wa upepo wa cheminée kubwa ya Gécamines, fasi udongo ulibaki uchi miaka na miaka sababu moshi iliuchoma. Kama miti ilikataa pale, usiipeleke nyama ya kinywa. Si karibu na mabwawa ya mabaki ya kiwanda, si ku muto wenye kubadilisha rangi. Na kama unakataza farasi kukunywa ile maji, jiulize pia juu ya mutoto na juu ya mboga.

Punda, basi?

Wengi wetu tunaita yote mawili « punda ». Ni ndugu, lakini tabia si moja. Punda inavumilia peste équine kuliko farasi: kati ya zile zinagonjwa, zinakufa chache, wakati ya farasi zinakufa nyingi. Inatosheka na majani ya nguvu, inakunywa kidogo. Tsetse inaiumiza vilevile, lakini polepole. Kwa mutu mwenye kutafuta kazi, haiko heshima, punda njo jibu.

Lakini punda pia iko na sheria zake. Ni mutoto wa inchi kavu: nywele zake hazizuie maji, na mvua ya Katanga inaigonjwesha kama haina paa. Ku mugongo, punda ya kilo 150 ibebe kilo 40 ao 50, si zaidi. Ni mufuko moja, na mutu asipande juu. Inavuta muzuri kuliko inabeba, lakini mukanda ukae ku kifua. Nira ya ngombe ku shingo inamukata ngozi. Na haishuke mu shimo la mukono. Itasaidia kutoka pa mulango wa shimo mupaka ku balabala, basi. Ile njia ya katikati njo inavunja migongo ya vijana wetu, kwa hiyo haiko kitu kidogo.

Nani iko pa mulango?

Hesabu ya mwisho haiko ya dola. Mutumikaji wa kampuni anafanya kazi kwa zamu: juma hii asubui, juma ingine magaribi, kiisha usiku. Mutu mwenye kuingia saa nane ya muchana na kutoka saa ine ya usiku hawezi kufunga kibanda mbele ya jua kushuka. Mutu mwingine atafunga. Mara mingi itakuwa bibi, ao mutoto mwenye kutoka ku masomo. Yeye njo atachota bidon mbili, yeye njo atatoa mavi, yeye njo ataona wa kwanza kama nyama haikule leo. Tuseme wazi: ile ni kazi, tena kazi ya akili. Mutu mwenye kujua kuweka termometre na kusoma kama farasi imepita digri 38 na nusu, mwenye kujua harufu ya majani yenye ukungu, ule ni fundi sawa fundi wa motere. Kama ni mutu wa nje, alipwe sawa fundi. Kama ni wa nyumba, asikilizwe mbele feza itoke.

Kwa hiyo, ndugu musomaji, kama siku moja mutu anakuja na farasi ya bei nafuu, anasema muzungu anarudi kwao, anataka kuiuzisha mbio, usiangalie meno yake kwanza. Uliza chanjo ililala wapi. Uliza majani ya mwezi wa nane iko wapi. Uliza maji inatoka siku gani. Kiisha uliza mu nyumba yako, na sauti ya kusikilika kwa wote: kila magaribi ya mvua, kwa miaka 20 inakuja, nani atakuwa pa mulango wa kibanda saa kumi na moja na nusu?

Kama jina linatoka, na mwenye jina anakubali, nunua. Kama wote wananyamaza, bakisha feza yako. Kinga haina homa.